Maafa na Kinga Yake: Habari Kutoka Mguuni pa Mlima Meru

Katika njia kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, baada ya kupita Usa River, msafiri hufika mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina hili halina fumbo. Mto upitao hapo hushuka kutoka Mlima Meru, na maji yake yana rangi ya kahawia mfano wa chai isiyotiwa maziwa. Waliopita zamani waliona, wakasema walichokiona, na neno likawa jina la mto, kisha la mji mdogo na la kata nzima. Mahali hapa pafaa sana kuanzia habari ya maafa, kwa sababu mambo matatu yakutana hapa: mlima wa volkano ambao ubavu wake mmoja umekwisha kubomoka, maji yenye dhara lisiloonekana kwa macho, na watu wengi wanaolima na kujenga katika ardhi iliyogawanywa na serikali mbalimbali kwa nyakati mbalimbali.

Nia ya habari hizi ni kuonyesha jinsi serikali zilizotawala nchi hii zilivyoyatazama maafa ya asili, na jinsi maneno ya Kiswahili yalivyogeuka pamoja na mtazamo huo. Swali lenyewe ni moja: uchunguzi ufanywao baada ya msiba huokoa roho ya nani, na kwa njia gani?

Maneno na maana zake

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya misiba, na maneno hayo yaweza kugawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la maneno yaliyotoka katika Kiarabu, mengi yao yakiwa na harufu ya dini. Maafa ni wingi wa afa, yaani pigo au dhara kubwa. Gharika yatokana na asili yenye maana ya kuzama, na asikiaye neno hilo hukumbuka habari za Nabii Nuhu. Zilizala ni tetemeko la ardhi, na neno hilo hukaa zaidi katika vinywa vya wanachuoni kuliko katika vinywa vya watu wa sokoni. Fungu la pili ni la maneno yaliyozaliwa na vitenzi vya Kibantu: mafuriko kutoka kufurika, maporomoko kutoka kuporomoka, tetemeko kutoka kutetema.

Tofauti ya mafungu haya si ya asili tu. Asemaye gharika hutaja tukio zima pamoja na hukumu yake. Asemaye maporomoko hutaja kitu kilichoporomoka, na mara moja huzaa maswali: ni nini kilichoporomoka, kutoka wapi, na kwa nini? Maneno ya fungu la kwanza hufundisha subira. Ya fungu la pili hufungua mlango wa uchunguzi. Kiswahili kimehitaji yote mawili, na hapana sababu ya kulidharau lolote.

Neno ajali laonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Asili yake ni muda uliowekwa, hasa muda wa uhai wa mtu ambao hausogezwi mbele wala nyuma. Kwa maana hiyo methali isemayo kwamba ajali haina kinga ni sahihi kabisa, maana siku ya kufa ikifika imefika. Lakini katika matumizi ya siku hizi ajali ni gari kupinduka, chombo kuzama au nyumba kuanguka. Maana imehama, na methali imebaki pale pale. Basi lile lililosemwa juu ya kifo, ambacho kwa kweli hakina kinga, sasa husemwa juu ya daraja bovu na korongo lisilo na alama, ambavyo kinga yake ipo. Mwenye kutaka kujua kwa nini tahadhari hupuuzwa na aanze hapa.

Mlima na kumbukumbu zake

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Autazamaye kutoka mashariki huona kwamba hauna ubavu upande huo: kuna shimo kubwa mfano wa kwato ya farasi, na ndani yake kimesimama kilima cha majivu. Wanajiolojia wameonyesha kwamba miaka elfu kadha iliyopita ubavu wa mashariki ulibomoka, ukamwaga mawe na tope mbali sana katika nchi ya chini. Maziwa ya Momella yamelala katika mabonde yaliyoachwa na vifusi hivyo. Tukio hilo halikuandikwa na mtu yeyote. Limeandikwa katika ardhi yenyewe, na wakulima wengi wa mashariki ya mlima hutia jembe katika maandishi hayo kila msimu.

Mlipuko wa mwisho unaojulikana ulitokea mwaka 1910, wakati wa utawala wa Wadachi, mlima ulipotoa majivu. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo tetemeko kubwa liliitikisa nchi ya Rukwa, upande wa kusini-magharibi. Serikali ya wakati huo ilikuwa na vituo na maaskari, na wasafiri wake wenye elimu walikuwa wamekwisha kuipima milima. Lakini haikuwa na chombo chochote ambacho kazi yake ilikuwa kuuliza raia watasalimikaje siku ya pili.

Hali hiyo haikuwa ya Wadachi peke yao. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu kwa wingi na kuvunja merikebu za Sultani Barghash. Yaliyoandikwa sana baada ya hapo ni hasara ya karafuu, kupanda kwa bei, na jinsi Pemba, ambayo haikuumia kama Unguja, ilivyopata nguvu katika biashara hiyo. Miaka themanini kamili baadaye, tarehe 15 Aprili 1952, kimbunga kingine kilifika Lindi. Kati ya siku mbili hizo tawala zilibadilika, hata bendera pia. Lakini pwani haikuwa imejengewa desturi ya kudumu ya kujiuliza kama pepo za namna hiyo zaweza kurudi.

Taarifa iliyohamisha watu

Isidhaniwe kwamba serikali za wakati ule hazikujua kuunda tume. Zilijua sana, na watu wa Meru wana kumbukumbu yao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya Waingereza ilimweka Jaji Mark Wilson kuchunguza mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi, na taarifa yake ikatoka mwaka 1947. Kutokana na mpango uliofuata taarifa hiyo, mwezi Novemba 1951 Wameru wapata elfu tatu waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, ili nchi yao wapewe walowezi wafuga ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto, na watu wakaelekezwa King'ori, mahali ambapo hawakupapenda. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kulifikisha shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa.

Jambo hili lahusiana na maafa kwa njia mbili. Kwanza, ardhi ya mlimani ilikwisha kubanwa tangu zamani, msitu ukiwa juu na mashamba ya walowezi yakiwa chini. Watu wakizidi na nchi isizidi, watalima penye mteremko mkali na kujenga kando ya korongo. Asemaye kwamba watu wamejiponza kwa kukaa mahali pa hatari na aulize kwanza ni mahali gani pengine walipoachiwa.

Njia ya pili ni nzito zaidi. Kinga iliyo kubwa kuliko zote dhidi ya maporomoko na mafuriko ni kuwahamisha watu kabla ya siku yenyewe. Lakini palipowahi kuhamishwa watu kwa taarifa ya serikali, na taarifa hiyo ikawa yenyewe ndiyo msiba, neno kuhama lina uchungu. Mtaalamu ajaye na ramani akasema hapa hapafai hukuta mbele yake mzee aliyesikia maneno hayo kwa baba yake. Ramani yaweza kuwa ya kweli na mzee akawa na haki ya kuitilia shaka. Imani ya raia haipatikani kwa kuongeza alama nyekundu katika ramani. Hupatikana kwa kuonyesha mahali pa kuhamia na hati ya ardhi mpya.

Kutoka misaada hadi usimamizi

Baada ya Uhuru maafa hayakukoma. Mwaka 1961 wenyewe ulianza kwa ukame na njaa, ukamalizika kwa mvua kubwa mno. Kina cha Ziwa Viktoria kikapanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache. Tarehe 7 Mei 1964 tetemeko lilitikisa upande wa Ziwa Manyara. Serikali changa iliyatazama mambo haya kwa jicho la huruma: kulisha wenye njaa, kuwapa hifadhi wasio na nyumba. Ilikuwa kazi njema, lakini ilianza baada ya msiba kufika.

Mtazamo huo ulitiwa katika sheria mwaka 1990. Sheria Namba 9 ya mwaka huo ilikuwa ya kuratibu misaada ya maafa. Jina lake latosha kueleza nia yake: maafa huja, kisha misaada hufuata, na kazi ya serikali ni kuipanga misaada hiyo isipotee njiani. Mwaka ule ule Umoja wa Mataifa ulianza muongo wake wa kupunguza maafa ya asili. Nje ya nchi neno lilikuwa kupunguza. Ndani neno lilikuwa misaada.

Mwaka 2004 ilitolewa sera ya taifa ya maafa, na mwaka 2015 Sheria Namba 7 iliifuta ile ya 1990. Neno misaada likaondoka katika jina, mahali pake pakakaa usimamizi. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6, ambayo yataka pawe na kamati tangu ngazi ya taifa hadi kijijini. Mbali ya hayo, sheria ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Hali ya Hewa nguvu mpya, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Basi katika miaka thelathini na miwili neno kuu la sheria lilihama kutoka mkono utoao hadi mkono ushikao usukani. Kusaidia ni kumwendea aliyeanguka. Kusimamia ni kuwapo kabla hajaanguka. Wachunguzi wa lugha wanajua kwamba jina hubadilika kwa siku moja na desturi hubadilika kwa miaka. Swali ni kama tendo limelifuata neno.

Hanang na Arusha

Jibu moja lilitolewa na mlima mwingine wa volkano, ulio kusini-magharibi ya Meru. Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba mvua za vuli zingezidi wastani kwa sababu ya El Niño. Utabiri ulikuwa sahihi. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuuingia mji wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa.

Wengi walidhani volkano imelipuka. Serikali ilipeleka wataalamu wa jiolojia, nao wakaeleza kwamba haikuwa volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikamegeka, na vifusi vikafuata mkondo wa maji vikizoa kila kitu. Uchunguzi huu ulikuwa na faida kubwa. Kama chanzo kingekuwa moto wa chini ya ardhi, watu wangeutazama mlima kwa hofu isiyo na kazi. Kwa kuwa chanzo kilikuwa maji na mwamba, kuna jambo la kufanya: kuitambua miteremko ya namna hiyo, kuiangalia mikondo, kuzuia ujenzi katika njia zake. Walionusurika bila makao walijengewa nyumba mpya huko Waret, mbali na mkondo ule.

Lakini ni hapa hasa panapoonekana pengo. Utabiri wa mwezi Agosti ulisema mvua itazidi; haukusema, wala haukuweza kusema, mvua hiyo itafanya nini juu ya mwamba fulani katika mlima fulani. Kati ya habari ya mbingu na habari ya korongo hapakuwa na mtu wa kuziunganisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina elimu ya mawingu, wanajiolojia wana elimu ya miamba, wanakijiji wanajua maji hupita wapi. Elimu tatu hizi zilikutana baada ya mazishi.

Miezi minne baadaye msiba ulifika Arusha. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji katika korongo mjini, na watoto wanane wakafa. Korongo hukauka sehemu kubwa ya mwaka, likawa njia ya watu na magari. Mvua ikinyesha huko juu mlimani, maji hushuka ghafula hata kama hapo chini mawingu ni machache. Kila mkaaji wa mguuni pa Meru alijua jambo hili. Lakini kujua kwa kila mtu si sawa na amri ya mmoja mwenye dhamana ya kusema: leo hapapitwi.

Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu zilikwisha kuua watu 155 na kujeruhi 236, na kwamba watu zaidi ya 200,000 waliathirika. Hakuishia katika hesabu. Alitaja pia sababu: ukataji wa miti, kilimo na ufugaji usiotunza ardhi, na uharibifu wa mazingira kwa jumla. Mtu akiilinganisha kauli hiyo na kumbukumbu za 1872, ataona safari ndefu iliyokwendwa. Kwanza walihesabiwa watu, si miti. Pili zilitafutwa sababu, nazo zilitafutwa katika matendo ya wanadamu. Lililobaki ni kuzitazama sababu hizo mlima kwa mlima na korongo kwa korongo, maana sababu ya jumla haimwambii mwenyekiti wa kijiji awazuie watu wapi.

Afa lisilo na siku

Turudi Maji ya Chai, kwani mji huu una somo ambalo mafuriko hayawezi kulitoa. Maji yatokayo katika miamba ya volkano ya Meru yana floraidi nyingi. Atumiaye maji hayo tangu utoto meno yake hubadilika rangi kuwa ya kahawia, na inywewapo kwa wingi kwa miaka mingi huumiza mifupa, hata wengine hupindika miguu. Shirika la Afya Duniani lashauri kiasi kisizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Kiwango hicho hakikuwekwa kwa kutojua dhara. Kiliwekwa kwa sababu maji mengine hayakuwapo. Baadaye kilishushwa hadi 4, na katika kiwango cha mwaka 2018 kikawa 1.5. Huko Ngurdoto, jirani na Maji ya Chai, Wizara ya Maji iliweka kituo cha kutafuta njia za kuondoa floraidi, mojawapo ikiwa ni kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa.

Hili nalo ni afa la asili, ila halina siku, halina kelele, wala halina kaburi la pamoja. Kwa hiyo halikuundiwa tume kama zile za mafuriko. Na jina la mahali, ambalo mwanzoni lilionekana kuwa onyo, si onyo. Floraidi haina rangi. Maji ya mto huu yana rangi ya chai kwa sababu nyingine, na chemchemi iliyo nyeupe kama kioo yaweza kuwa na floraidi nyingi vilevile. Jina limehifadhi kilichoonwa na jicho. Dhara limeonwa na chombo cha kupimia. Asiye na kipimo atakimbia maji ya kahawia na kunywa maji meupe, akidhani ameokoka.

Mwisho wa shauri

Kutokana na habari hizi laonekana jambo moja. Uchunguzi wa serikali hauokoi roho kwa kuwa umefanyika, bali kwa mahali unapofika. Taarifa ya mwaka 1947 ilifika hadi mlangoni pa mkulima, ikamtoa nje bila kumsikiliza. Utabiri wa mwaka 2023 ulikuwa wa kweli, lakini uliishia juu, haukushuka hadi katika mkondo mmoja wa maji. Uchunguzi wa Hanang ulifika katika mwamba wenyewe, lakini waliouhitaji zaidi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kinga ya kweli yataka uchunguzi ushuke kabla ya mvua, uongee kwa maneno ambayo kamati ya kijiji yaweza kuyatumia, nao umsikilize ajuaye maji hupita wapi kabla ya kumwambia ahame.

Hapa wenye kazi ya lugha wana sehemu yao. Sheria imekwisha kusema usimamizi. Sasa yahitajiwa maneno mepesi ya kutofautisha mvua ya kuangaliwa, mvua ya kujiweka tayari, na mvua ya kuondoka saa hiyo hiyo. Maneno hayo yakiwa mazito, au yakiwa na maana moja ofisini na nyingine kijijini, onyo litafika na lisisikike. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuombolezea. Kinachotakiwa ni maneno ya saa moja kabla ya maombolezo, nayo yajulikane na mtoto asubirie gari la shule kando ya korongo, na yajulikane na dereva wake.

Mlima Meru haujatoa majivu tangu 1910, na makorongo yake hujaa kila masika. Wazee walisema ajali haina kinga, wakasema pia tahadhari kabla ya hatari. Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza ni ya siku iliyo mikononi mwa Mungu. Ya pili ni ya korongo, ya mteremko na ya kisima, navyo viko mikononi mwa watu.